Dawa za Kuongeza Nguvu na Haki ya Mshindani



Tarehe 3 Agosti 1996, mjini Atlanta nchini Marekani, Vénuste Niyongabo aliipatia Burundi medali ya dhahabu katika mbio za mita 5,000. Alitumia dakika 13, sekunde 7 na nukta 96, akamtangulia Paul Bitok wa Kenya kwa nukta 20 tu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi yetu kushiriki Michezo ya Olimpiki. Lakini mbio alizozizoea Niyongabo zilikuwa za mita 1,500. Nafasi ya mbio hizo alimwachia Dieudonné Kwizera, mkubwa wake kwa umri, ambaye alizikosa Olimpiki za 1988 na 1992 kwa kuwa Burundi haikuwa na Kamati ya Olimpiki. Yeye akaingia katika mbio ambazo hapo kabla alikuwa amezikimbia mara mbili tu.

Tumeanza na kisa hicho kwa sababu mazungumzo ya leo yanahusu kinyume chake, yaani mtu anayeitwaa nafasi ya mwenzake kwa msaada wa sindano au kidonge.

Kwa wakimbiaji wa masafa marefu, dawa inayosemwa zaidi ni ile iitwayo EPO. Figo zetu zenyewe hutengeneza kiasi kidogo cha kitu hicho, nacho huuamuru uboho wa mifupa kuzalisha chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Mtu akidungwa zaidi, chembe huongezeka na uchovu huchelewa. Damu nayo huwa nzito, moyo ukalazimika kuisukuma kwa shida, na hatari ya damu kuganda mishipani huongezeka.

Jirani yetu Kenya ameliona jambo hili kwa uchungu. Mwezi Agosti 2008, mjini Beijing, kijana wa miaka 19, Asbel Kiprop, alimaliza wa pili katika mita 1,500 nyuma ya Rashid Ramzi wa Bahrain. Vipimo vikaonyesha kwamba Ramzi alitumia dawa ya jamii ya EPO. Mwaka 2009 alinyang'anywa medali, na dhahabu ikawa ya Kiprop. Lakini nani angeweza kumrudishia siku ile ya uwanjani, bendera ikipanda na wimbo wa taifa ukipigwa? Kiprop, ambaye pia alikuwa askari wa Polisi ya Kenya, alikuja kuwa bingwa wa dunia mara tatu, mwaka 2011, 2013 na 2015. Kisha, mwezi Novemba 2017, mkojo wake mwenyewe ukakutwa na EPO. Alikana. Alieleza pia kwamba alidokezwa mapema juu ya kipimo hicho, na wasimamizi wakakubali kwamba utaratibu ulivunjwa hapo. Hata hivyo baraza lililosikiliza shauri liliona kosa hilo halikubatilisha kipimo, na mwaka 2019 akafungiwa miaka minne. Mtu yule yule aliyedhulumiwa na dawa ya mwingine akahukumiwa kwa dawa ya namna ile ile.

Wako wanaosema: basi na iruhusiwe kwa wote, ili wote wawe sawa. Hoja hiyo inavutia kwa kuisikia tu. Dawa ikiruhusiwa, asiyeitaka hana tena mahali pa kushindania, na hiari yake imekwisha. Tena walio chini ya amri ndio watakaotangulia kuimeza, na hili wasikilizaji wetu wanaweza kulipima vizuri kuliko wengine. Katika Vita Kuu ya Pili askari wa Ujerumani walipewa vidonge vya Pervitin ili wasilale, na majeshi ya Uingereza na Marekani nayo yalikuwa na vidonge vyao vya namna hiyo. Michezoni mfano mbaya kabisa ulitoka Ujerumani ya Mashariki, na vilabu vya Dynamo, vilivyokuwa vya polisi na vyombo vya usalama, vilihusika. Wasichana wadogo walipewa vidonge vya buluu na makocha na madaktari wao, wakaambiwa ni vitamini. Vilikuwa Oral-Turinabol, dawa yenye nguvu za homoni ya kiume. Medali zilipatikana kwa wingi. Leo kanuni za dunia humfanya mwanariadha awajibike kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, lakini wale walikuwa watoto, na aliyewapa kidonge ndiye waliyefundishwa kumtii.

Mwaka 2000 mahakama ya Berlin ilimtia hatiani Manfred Ewald, aliyekuwa mkuu wa michezo wa nchi hiyo. Alipewa kifungo cha miezi 22, ambacho hakukitumikia gerezani. Wasichana wale walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima, na baadhi yao walifika mbele ya mahakama hiyo wakisema kwa sauti nzito ambayo dawa iliwaachia.