Bulabo na miguu iliyonyooshwa

Kila mwaka, kati ya mwishoni mwa Mei na Juni, sikukuu ya Ekaristi Takatifu huwakusanya Wasukuma Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Sherehe za Bulabo zilianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyejenga pia makumbusho ya Bujora. Baada ya misa na maandamano, uwanja huwa wa ngoma. Vyama viwili vya ngoma, Bagika upande huu, Bagalu upande ule, vinacheza kwa wakati mmoja, na kinachovuta watu wengi ndicho mshindi. Umati ndio hakimu.

Msimu huohuo, Juni 3, ni Siku ya Mguu Kifundo Duniani. Tarehe hiyo ni ya kuzaliwa kwa Ignacio Ponseti, daktari Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, na kuonyesha kwamba mguu wa mtoto mchanga uliopinda kuelekea ndani unaweza kunyooshwa bila upasuaji mkubwa. Mguu hukandwa taratibu, ukafungwa plasta ngumu, na plasta ikabadilishwa kila wiki kwa wiki tano hadi nane hivi. Watoto wengi hukatwa kano ya kisigino, kwa jeraha dogo mno. Kisha huja viatu vilivyounganishwa kwa chuma: saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu wakati wa kulala tu mpaka mtoto afike miaka minne au mitano.

Hapo kwenye kulala ndipo sherehe inapoingia. Familia inasafiri kwenda kwa bibi, vyumba vimejaa, watoto wanalazwa watano mkekani, na viatu vya chuma vimeachwa nyumbani kwa sababu "ni siku mbili tu". Siku mbili huzaa wiki, mtoto anaanza kuvikataa, na mguu unaanza kurudi ulikotoka. Kuviacha viatu hivyo ndiyo sababu kubwa ya ugonjwa kurejea. Basi maandalizi ya ngoma kwa mtoto huyu yanaanzia kwenye begi: viatu vitangulie kuingia, nguo zifuate. Na bibi aelezwe mapema, maana yeye ndiye atakayevivua usiku kwa huruma.

Mchana ni habari nyingine. Mtoto aliyetibiwa vizuri anakimbia, anaruka, anachuchumaa. Kristi Yamaguchi wa Marekani alizaliwa na miguu iliyopinda, na mwaka 1992 akatwaa dhahabu ya Olimpiki kwa kuteleza kwenye barafu. Bugobogobo, ngoma ya majembe, inataka magoti yaliyokunjwa na kisigino kilichokanyaga chini. Kukunja kifundo cha mguu namna hiyo ndiko wataalamu wa mazoezi hukuhimiza. Kinachobaki mara nyingi ni shavu jembamba la mguu na unyayo mdogo kidogo kuliko mwenzake. Kwenye duka la viatu, tofauti hiyo huwasumbua wazazi. Uwanjani, ambako wachezaji wako pekupeku vumbini, nani ataipima?

Hata hivyo, nimeona wakubwa wakimpa mtoto kama huyu kazi ya kushika maji au kulinda ndala za wenzake. Wanadhani wanamhurumia. Wengine bado wanaamini mguu ule ni laana au uchawi, na mama ndiye hubebeshwa lawama, ingawa sayansi yenyewe mara nyingi haijui chanzo na mama hakukosea kitu. Mzazi azungumze na manju, kiongozi wa ngoma, wiki kadhaa kabla: mtoto ajifunze hatua pamoja na wenzake, apumzike akichoka kama wanavyopumzika wengine, na njuga zisimbane. Ikiwa bado yuko kwenye plasta, akae mgongoni kwa mama karibu na ngoma. Plasta isilowe, na vidole vyake vitazamwe visivimbe wala kuwa baridi. Siku ya kliniki ikigongana na sikukuu, kliniki ipigiwe simu mapema, isirukwe.

Upo pia wema unaokera kuliko kutengwa. Mshereheshaji anashika kipaza sauti: "Mnamwona huyu? Alikuwa kiwete!" Umati unapiga vigelegele, noti zinatupwa, na mtoto aliyekuja kucheza amegeuzwa tangazo. Mshereheshaji akikosa la kusema, amtaje kwa kundi lake: Mgika au Mgalu. Wa upande wa pili wamzomee kama wanavyowazomea wengine wote.