Kuchelewa, Kukawia na Umri wa Picha ya Rada

Miongoni mwa dhana zinazowasumbua watafsiri wa maandiko ya hali ya hewa ni ule muda unaopita tangu rada ilipoliona wingu hadi mtabiri alipoiona picha ya wingu hilo mezani pake. Wengi huandika "ucheleweshaji", wengine "uchelewaji", na wapo wanaoiruka dhana yenyewe wakaandika tu kwamba picha ni "ya sasa". Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo hayalingani, na kwamba la mwisho ndilo la hatari zaidi.

Yafaa kwanza tuitazame kazi yenyewe. Marekani ina mtandao wa rada za hali ya hewa zipatazo 160, zote za aina moja. Wimbi la rada hwenda kwa mwendo wa mwanga, kiasi cha kilomita 300,000 kwa sekunde, hata mwangwi wa mvua iliyo umbali wa kilomita 230 hurejea kabla ya sehemu mbili za elfu za sekunde kutimia. Basi mchelewaji si wimbi. Kinachochukua muda ni antena, ambayo haina budi kuzunguka duara zima katika mwinuko wa nusu digrii, kisha ijiinue kidogo na kuzunguka tena, hivyo hivyo hadi juu. Wakati wa mvua kubwa, miinuko 14 huweza kumalizwa kwa dakika nne na nusu hivi. Anga likiwa shwari, kazi hiyo yaweza kuachwa ichukue dakika kumi. Tunapendekeza duara moja liitwe "mzunguko", na mizunguko yote tangu chini hadi juu iitwe "zamu".

Baada ya antena huja safari ya data. Zamani mpokeaji alingoja zamu iishe ndipo apewe faili zima. Siku hizi kila mzunguko hukatwa vipande, kila kipande hubanwa ili kipungue uzito, na hutumwa mara tu kinapozaliwa huku antena ingali ikizunguka. Kwa hiyo picha ya mwinuko wa chini humfikia mtabiri dakika kadhaa kabla ya zamu kwisha. Pana tofauti pia baina ya mpokeaji anayepelekewa kipande na yule anayechungulia ghala kila baada ya muda kuona kama kuna jipya. Achunguliaye kila baada ya dakika mbili hupoteza, kwa wastani, dakika nzima, na hakuna kompyuta itakayomrudishia. Wala kupanua njia ya mawasiliano si dawa ya kila kitu: bomba nene hupitisha maji mengi, lakini tone la kwanza halifiki upesi zaidi kwa sababu ya unene wake.

Mafundi hawakuishia kwenye nyaya, bali walimgeukia antena mwenyewe. Wameifundisha rada kukatiza zamu pale inapoona kwamba miinuko ya juu haina mwangwi wowote. Tangu mwaka 2014 wameifundisha pia kurudi katika mwinuko wa chini kabisa katikati ya zamu, maana huko ndiko upepo wa kimbunga hukaribia nyumba za watu. Msomaji ataona kwamba hila hii ya pili huirefusha zamu kidogo, ilhali habari za chini huja mara nyingi zaidi. Asiye na maneno mawili tofauti hawezi kuyaeleza hayo bila kujipinga. Tunahitaji "kipindi cha marudio", yaani muda baina ya kutazama mara moja na kutazama tena. Na tunahitaji jina jingine la muda wa safari.

Jina hilo tusilitafute katika "chelewesha". Kitenzi hicho kina mtendaji ndani yake: mtu fulani kazembea. "Chelewa" nacho hudai kwamba palikuwa na saa iliyoagizwa ikapita. Data ya rada haina mzembe wala miadi. Hata mambo yote yakienda sawasawa, muda fulani utapita. "Kawia" hakina lawama hiyo, na methali yetu ya "Kawia ufike" ni shahidi. Kama "tukia" lilivyotupa "tukio", na "kusudia" likatupa "kusudio", kadhalika "kawia" litupe "kawio", wingi wake "makawio". Tunajua kwamba masikio mengine yataliona geni; "mubashara" nalo lilikuwa geni.

Istilahi ya tatu ni "umri wa picha", nayo ndiyo iliyotuchochea kuandika. Mwezi Juni 1912 ingekuwa mzaha kuzungumza juu ya picha ya mvua ndani ya ndege. Lakini mwezi Juni 2012 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ililazimika kuwatahadharisha marubani juu ya jambo hilo hilo. Vioo vya ndege vilionyesha umri wa picha kwa dakika. Kumbe dakika hizo zilihesabiwa tangu picha za rada nyingi zilipounganishwa kuwa moja, si tangu rada zilipoiona mvua. Katika hali mbaya kabisa tofauti iliweza kufika dakika 15 hadi 20, na bodi ilitaja ajali mbili zilizoua watu. Dhoruba iendayo kilomita 60 kwa saa husogea kilomita moja kila dakika. Rubani aliyesoma "dakika moja" akadhani ana nafasi ya kupita, huenda njia ile ilikwisha kuzibwa.

Kwetu Tanzania, ambako Mamlaka ya Hali ya Hewa ina rada, zikiwamo za Dar es Salaam na Mwanza, mtumishi anayetafsiri maelezo ya picha namna hiyo asiandike "picha ya sasa" wala "saa ya picha" peke yake. Aandike "rada ilitazama saa kadha", na chini yake "picha iliundwa saa kadha". Kama chanzo kinatoa saa moja tu, amuulize mwenye chombo ni ipi kati ya hizo mbili kabla ya kuitafsiri.