Ziwa Kivu: kugeuza chombo wakati upepo uko nyuma

Kwa wakaaji wa Mubambiro na Sake, Ziwa Kivu ni barabara. Vita ilipokata njia ya Minova mwaka 2024, wengi walipita majini. Tarehe 3 Oktoba, boti iliyojaa kupita kiasi, ikitoka Minova, ilizama karibu na Kituku, Goma. Makumi ya watu wakafa.

Mzigo ukizidi, hata kugeuka tu kunakuwa hatari, zaidi upepo ukitoka nyuma. Na kila chombo kina namna yake ya kugeuka.

Wanaocheza juu ya ubao wenye tanga hugeuka kwa kasi. Juu ya nini? Ubao ukikimbia karibu sawa na upepo, tanga linakuwa jepesi, linageuzwa kwa mikono. Mtu akipunguza mwendo, upepo unalivamia tanga na kumwangusha.

Mabaharia wa jahazi, kule Lamu na Zanzibar, tanga lao ni zito. Kwanza wanalilegeza lipepee mbele, kisha wanalipitisha mbele ya mlingoti mpaka upande wa pili.

Mtumbwi wa injini ni kinyume cha ubao. Ukikata kona kwa kasi, watu na mizigo vinalalia upande mmoja, na wimbi la ubavuni linaujaza maji. Basi nahodha apunguze mwendo, angoje mawimbi makubwa yapite, ageuke kwa duara pana.

Na abiria? Akae chini, asisimame. Akiona mtumbwi umejaa, asipande.