Hisa za maji: Kapu lisilo na hata tone moja

MTU anayenunua maji kwa mtungi huiona bei ikipanda kila kiangazi, na huenda akatamani kuwa upande wa wanaouza. Katika Soko la Hisa la Nairobi (NSE) hatapata mlango. Hakuna kampuni ya maji iliyoorodheshwa humo, kwani kampuni zinazosambaza maji mijini humilikiwa na serikali za kaunti.

Nchi za nje, mlango huo upo kupitia hazina ziitwazo ETF. Hazina ya aina hii ni kapu la hisa za kampuni nyingi, na kipande cha kapu huuzwa sokoni mchana kutwa kama hisa ya kawaida. Mojawapo ya zile kongwe, Invesco Water Resources, ilianzishwa Marekani mwaka 2005.

Hata hivyo, anayenunua kipande hanunui maji. Makapu hayo hubeba kampuni kama Xylem, inayotengeneza pampu, Badger Meter ya mita, na American Water Works, inayowasambazia wateja maji. Watengenezaji wa pampu hutegemea miradi ya ujenzi na viwanda. Wasambazaji nao hupangiwa bei na wadhibiti wa serikali, na hukopa sana ili kuchimbia mabomba. Riba ilipopanda mwaka 2022, bei za hazina hizi zilishuka. Anayetarajia zimfidie kila mfereji unapokauka Nairobi atangoja sana.

Ada ya hazina hiyo ya Invesco ni takriban asilimia 0.6 kwa mwaka, yaani Sh600 kwa kila Sh100,000, mbali na malipo ya wakala. Ni vyema kuhakikisha kwanza kwamba wakala huyo ana leseni.

Lakini hatari ambayo Mkenya huisahau zaidi ni dola. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja iliuzwa kwa karibu Sh160. Kufikia mwisho wa mwaka huo ilikuwa Sh129 hivi. Aliyebadilisha Sh100,000 mwezi huo wa Januari alipata dola 625. Hata kama bei ya hazina yake isingeshuka kwa senti moja, mwezi Desemba angerudi nyumbani na Sh80,625, kabla ya kukatwa ada yoyote.