"Moelle" si moja: jinsi nilivyomweleza mama mdogo habari ya kupandikiza uboho

Mwaka jana nilifanya kosa la tafsiri lililonyima watu usingizi. Mama yangu mdogo anakaa Alunguli, ng'ambo ya mto, naye ana mtoto wa miaka tisa mwenye selimundu, ugonjwa ambao sisi hapa Kindu tunauita SS. Ndugu yetu aliye Ubelgiji alimpelekea ujumbe wa Kifaransa: kuna matibabu yaitwayo "greffe de moelle osseuse", na ingefaa kaka wa mgonjwa apimwe kama anaweza kuwa mtoaji. Kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma lugha katika familia, niliitwa kutafsiri. Nikausoma ujumbe haraka, nikasema wanataka kuchukua uti wa mgongo wa kaka wamtie mdogo wake.

Mama mdogo hakulia wala hakugomba. Aliuliza tu: "Mutoto akisha kutolewa uti wa mugongo, atatembea tena?"

Nilirudi kuvuka mto bila jibu. Ilinichukua siku mbili kuelewa nilipojikwaa, na ninaandika makala haya kwa sababu naamini wengi wetu katika kitivo hiki tungejikwaa palepale.

Neno la Kifaransa "moelle" linabeba vitu viwili visivyohusiana. Kuna "moelle épinière", kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo na kupeleka amri za ubongo miguuni na mikononi. Hiyo ikikatika, mtu hupooza. Halafu kuna "moelle osseuse", ute laini ulio ndani ya mifupa, ambao kazi yake ni kutengeneza damu. Kiswahili hakina mkanganyiko huo: ute wa ndani ya mfupa ni uboho, na magazeti ya Tanzania siku hizi huuita uloto. Kwa hiyo lugha yangu ilikuwa na neno sahihi, mimi nikalipita. Na hata kosa langu lilikuwa na kosa ndani yake, maana uti ni mfupa wenyewe, si kamba iliyo ndani.

Niliporudi Alunguli nilianza na neno uboho. Mama mdogo akafikiri kidogo, akasema: "Ile kitu tunafyonzaka ndani ya mufupa ya mbuzi?" Ndiyo, karibu ni hiyo. Karibu tu, kwa kuwa uboho wa mfupa mrefu wa mnyama mzima kwa sehemu kubwa ni mafuta ya manjano. Uboho mwekundu, ule unaozaa damu, kwa mtu mzima umo hasa katika mifupa ya nyonga, kidari, mbavu na pingili za mgongo. Daktari huchukua ule wa nyonga. Mtoaji hulazwa usingizi wa dawa, sindano huingizwa nyuma ya mfupa wa nyonga, uboho huvutwa kama damu nzito. Hakatwi mfupa, na kamba ya neva haiguswi. Huamka na maumivu ya kiuno ya siku kadhaa, na katika wiki chache mwili hurudisha kiasi kilichotolewa.

Kwa nini hurudisha? Hapo ndipo penye siri ya matibabu yote.

Ndani ya uboho kuna seli chache mno ziitwazo seli shina. Jina hilo lina historia inayotuhusu sisi watu wa maneno. Mwaka 1868 Mjerumani Ernst Haeckel alitumia neno "Stammzelle" alipokuwa akichora miti ya ukoo wa viumbe, na "Stamm" ni shina la mti. Kifaransa kinasema "souche", ambalo pia ni kisiki. Mimi napenda kisiki kuliko shina. Kila aliyelima Maniema anajua kisiki kilichobaki shambani baada ya kufyeka: unakata chipukizi, kinatoa jingine. Seli shina za damu ndivyo zilivyo. Zina uwezo wa aina mbili. Kwanza hugawanyika na kubakiza nyingine kama zenyewe, ili akiba isiishe. Pili huzaa seli zinazobadilika polepole kuwa chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, chembe nyeupe zinazolinda mwili, na chembe sahani zinazogandisha damu penye jeraha. Mwili wa mtu mzima hutengeneza chembe nyekundu zipatazo milioni mbili kila sekunde, na zote zinatoka kwenye visiki hivyo.

Ushahidi ulikuja Toronto, Kanada. Mwaka 1961 James Till na Ernest McCulloch waliwaua panya uboho kwa mionzi, wakawadunga uboho wa panya wengine, kisha wakaona vinundu vimeota kwenye wengu. Wakahesabu, wakaona idadi ya vinundu inafuata kiasi cha uboho uliodungwa. Baadaye ikathibitika kwamba kila kinundu kilitokana na seli moja tu.

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Ugonjwa wa SS ni kosa la herufi moja katika jeni ya himoglobini. Chembe nyekundu ikipungukiwa na oksijeni hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo na kuleta yale maumivu ambayo kila mzazi wa mtoto wa SS anayajua kwa sauti. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ile ya mundu mara nyingi haifikishi 20. Ndiyo sababu ya macho ya manjano na ya kuongezewa damu kila mara. Kosa hili limeenea kwetu kwa sababu ya malaria: Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye jeni moja tu ya S, yaani AS, hukingwa kiasi dhidi ya malaria kali. Mjini Kinshasa, watoto wachanga 31,204 walipimwa katika utafiti uliotolewa mwaka 2009 chini ya Daktari Léon Tshilolo: asilimia 1.4 walikuwa SS, na asilimia 16.9 walikuwa AS.

Damu ya kuongezewa ni chembe zilizokomaa, zitakufa. Ukibadilisha seli shina, umebadilisha chemchemi yenyewe. Wazo lote ni hilo.

Lakini tazama tena maneno. "Greffe" ni kazi ya mtu wa bustani anayeunganisha tawi la mwembe na mwembe mwingine. Kupandikiza ni kuhamisha mche uliokwisha kuota kitaluni. Yote mawili yanamfanya msikilizaji afikirie upasuaji, kisu, kitu cha kushonewa. Hakuna kisu. Uboho wa mtoaji unaning'inizwa katika mfuko na kuingia kwenye mshipa wa mgonjwa kama damu ya kawaida, kisha seli shina zinajitafutia njia mpaka ndani ya mifupa, zinakaa humo, na baada ya wiki mbili hadi nne zinaanza kutoa damu. Mpunga wetu wa mlimani haupandikizwi, unapandwa mbegu moja kwa moja shambani; na matibabu haya yanafanana zaidi na kupanda huko. Kabla ya kupanda unafyeka. Kwa mgonjwa, kufyeka ni dawa kali za siku kadhaa zinazoondoa uboho wa zamani na kulaza kinga yake. Kati ya kufyeka na kuota, mtoto hana ulinzi wowote. Kikohozi cha mgeni kinaweza kumuua. Ndiyo maana chumba chake lazima kiwe safi mno, na damu na dawa za kupambana na maambukizi ziwe tayari saa zote.

Kisha kuna seli kinga, na hapa mama mdogo alinisikiliza kuliko mahali pengine, kwani alidhani kundi la damu likilingana basi yamekwisha. Sivyo. Makundi A, B na O si kizuizi kikubwa. Mgonjwa anaweza hata kuamka akiwa na kundi la damu la mtoaji. Kizuizi ni alama nyingine, ziitwazo HLA, zilizo juu ya karibu kila seli ya mwili. Mfaransa Jean Dausset alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1980 kwa kazi iliyohusu alama hizo. Seli T, askari wa kinga, huzisoma kama anayesoma kitambulisho barabarani. Zikikuta alama ngeni zinashambulia.

Katika kupandikiza figo tunaogopa jambo moja: mwenyeji kumkataa mgeni. Katika uboho, mgeni naye ana askari. Uboho wa mtoaji huja na seli T zake, nazo zinaweza kumwona mgonjwa mzima kuwa ndiye mgeni, zikala ngozi yake, ini lake na utumbo wake. Kwa mwenye saratani ya damu, ukali huo una faida kidogo, kwani askari hao humaliza pia seli za saratani zilizobaki. Kwa mtoto wa SS hauna faida yoyote, ni hasara tupu. Ndiyo sababu madaktari hutafuta kwanza ndugu wa baba mmoja na mama mmoja mwenye HLA zilezile.

Hesabu yake tuliifanya kwa vipande vya makaa sakafuni. Ndugu mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana HLA na mgonjwa. Ikiwa wazazi wote wawili ni AS, ana nafasi 3 kati ya 4 ya kutokuwa SS. AS anaruhusiwa kutoa. Jeni hizo ziko kwenye kromosomu tofauti, kwa hiyo tunazidisha: 3 kati ya 16. Mama mdogo ana watoto wanne. Watatu wa kupimwa.

Njia hii haikufunguliwa kwa urahisi. Wagonjwa wengi wa mwanzo walikufa, na Mmarekani Donnall Thomas aliyeng'ang'ania kazi hii miaka mingi alipewa Nobel mwaka 1990. Habari ya kwanza ya SS kupona ilitolewa mwaka 1984: msichana wa Memphis, Marekani, alipandikizwa kwa ajili ya saratani ya damu, na SS yake ikaondoka pamoja nayo. Halafu ikaja Brussels. Mwaka 1988 Christiane Vermylen na wenzake walieleza habari za watoto watano wa SS waliopandikizwa uboho, na miaka kumi baadaye wakatoa hesabu ya wagonjwa 50. Kati yao, 14 walitibiwa mapema, kabla ya kuugua sana, kwa kuwa familia zao zilikusudia kurudi Afrika. Waliobaki hai katika wote 50 walikadiriwa kuwa asilimia 93. Karibu na sisi zaidi, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wa selimundu mwaka 2023. Kutoka Kindu bado ni safari ndefu, lakini si tena safari ya Ulaya, na huko maelezo yote yanatolewa kwa Kiswahili.

Sikutaka mama mdogo aondoke na tumaini moja tu lililo mbali. Nilimwambia pia habari ya hidroksiyurea, dawa ya kumeza. Utafiti uliotolewa mwaka 2019, uliofanyika Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale kwa watoto 606, ulionyesha kwamba walioitumia walipungukiwa na maumivu, kuongezewa damu, hata malaria na vifo. Inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, na haiponyi. Kwa maoni yangu, kwa watoto wengi wa mji huu dawa hiyo ndiyo yenye uzito leo.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza darasani: "Na watoto wake? Akisha kupata damu ya yaya yake, watoto wake watakuwa bila SS?"

Hapana. Uboho mpya hubadilisha damu, haugusi mbegu za uzazi. Mtoto wetu akipona na akikua, bado atampa kila mtoto wake jeni moja ya S. Akioa mwanamke wa AA, watoto wote watakuwa AS, hakuna SS. Akioa AS, kila mimba ni nusu kwa nusu. Tena zile dawa za kufyeka zinaweza kumnyima uzazi, na jambo hilo huulizwa kabla, si baada.

"Sasa juu ya nini haukusema vile tangu mwanzo?" akasema, akamwita kijana wake mkubwa aje asikilize na yeye.