Kuutenga Umeme Mdogo na Mkubwa

Mashine kubwa za kusaga nafaka huendeshwa kwa umeme wa fezi tatu. Katika Uganda na Kenya umeme huo huwa na volti 415 kati ya fezi moja na nyingine, na volti 240 kati ya kila fezi na ardhi. Lakini vitufe na taa za kuongozea mashine mara nyingi hutaka volti 24 tu. Nataka kuwaeleza jinsi ya kuupata umeme huo mdogo bila kumwua abonyezaye kitufe.

Mwenye haraka atasema, "Tia resista zipunguze volti." Ni kweli, mita itaonyesha 24 kati ya nyaya mbili za mwisho. Lakini kati ya nyaya hizo na ardhi huenda zikawa bado volti 240, na mfanya kazi asimamaye juu ya sakafu yenye maji atapigwa. Kwa hiyo kupunguza hakutoshi. Lazima tutenge, pasiwe na waya wo wote utokao upande wa umeme mkubwa kwenda mdogo.

Chombo cha kutenga ni transfoma. Mwaka 1831, mjini London, Michael Faraday alizungusha nyaya mbili zisizogusana katika pete moja ya chuma. Kila umeme ulipoanza au kukoma katika waya wa kwanza, umeme ulitokea kwa kitambo katika waya wa pili. Nguvu ilivuka kwa usumaku.

Sasa tufuate njia yenyewe. Fezi tatu hupita katika fyuzi, kisha katika dayodi sita, nasi hupata mkondo mnyoofu wa volti karibu 587, yaani 415 mara 1.414. Kapasita nyingi za kazi hii huvumilia volti 450 tu. Basi huungwa mbili kwa mfuatano, na kila moja huwekewa resista ubavuni. Resista hizo huzigawia kapasita volti sawasawa, tena huzimaliza umeme baada ya swichi kuzimwa. Hata hivyo, pima kabla ya kugusa. Wala usidhani kuwa waya hasi hapa ni ardhi: hufika volti 339 chini ya ardhi.

Baadaye transista huukata mkondo huo, kwa mfano mara 50,000 kila sekunde, na kuutia katika transfoma. Kwa mwendo huo transfoma ndogo ya kuenea kiganjani yatosha. Kwa mizunguko 50 ingekuwa kubwa na nzito. Upande wa pili dayodi na kapasita huusawazisha umeme kuwa volti 24.

Je, transista itajuaje kama volti zimezidi? Tukirudisha waya, tumeuharibu utengano wote. Basi taa ndogo sana upande wa pili humulika kipokea mwanga kilicho upande wa kwanza, na habari huvuka kwa nuru.

Mwisho, kati ya pande hizo mbili ubaoni iachwe nafasi tupu, kama milimita 8 au zaidi, maana vumbi na unyevu huweza kuwa njia ya umeme. Msiijaze nafasi hiyo kwa kutaka kifaa kidogo. Na kabla ya kuwasha, pimeni kwa mita ya kihami kama pande hizo hazikuungana.