Vivutio vya Nyali ni vya Kila Mwananchi

Kwa wakazi wengi wa Mombasa, jina Nyali huleta picha ya nyumba kubwa zilizozungushiwa kuta, uwanja wa gofu, maduka makubwa na hoteli za ufuoni. Wapo wanaopita hapo kila siku kwenda kazini bila kuingia mahali popote, wakidhani kwamba vilivyomo ni vya wenye fedha pekee. Hata hivyo, baadhi ya vivutio vyenye uzito zaidi katika kaunti ndogo hii ni vya umma, na vingine havihitaji hata shilingi moja.

Kengele ya Freretown

Safari huanzia Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 kuchukua nafasi ya daraja la zamani lililoelea juu ya maji. Ng'ambo ya daraja ni Kengeleni. Abiria humtajia kondakta jina hilo kila siku, na kengele iliyolizaa bado ipo pale njia panda.

Mwaka 1873, Sir Bartle Frere alitumwa na Uingereza kwenda Zanzibar kumshinikiza Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa baharini. Mkataba ulipotiwa saini, watu waliookolewa kutoka majahazini walihitaji makao. Mwaka 1875, wamishenari wa Church Missionary Society walianzisha kijiji hapa, kikaitwa Freretown. Walioishi humo ni pamoja na Waafrika waliokuwa wamekombolewa mapema zaidi na kulelewa India, ambao walirudi wakiwa walimu na mafundi. Kengele ilipigwa kuwatahadharisha wanakijiji kwamba watekaji wanakaribia. Hadi leo, baadhi ya vizazi vya watu hao wanaishi papo hapo.

Kaburi la Mkomani

Upande wa Mkomani, karibu na bahari, kuna kaburi la Rosine Krapf. Alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mumewe, mmishenari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, na mwaka huohuo akafariki pamoja na mtoto wake mchanga. Krapf alibaki, akajifunza lugha ya wenyeji. Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa muda mrefu kwa hati za Kiarabu; yeye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kukiandika kwa herufi za Kilatini. Kitabu chake cha sarufi kilichapishwa mwaka 1850, na kamusi yake ikatoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Mwanafunzi anayesoma Kiswahili darasani ana sababu ya kufika hapa.

Machimbo yaliyogeuka msitu

Kaskazini kidogo, Bamburi, kuna Haller Park. Hapa palikuwa machimbo ya mawe ya matumbawe yaliyotumiwa kutengeneza saruji. Mwaka 1971, René Haller alianza kupanda miti kwenye ardhi iliyobaki jangwa. Mvinje ndio uliostahimili zaidi, lakini majani yake yalikauka chini bila kuoza. Jongoo walipoletwa, waliyatafuna na kuyageuza mboji, na udongo ukaanza kujengeka. Leo kuna twiga, viboko, samaki na ndege. Hapa ndipo kiboko Owen, aliyeokolewa baharini baada ya tsunami ya Desemba 2004, alipofanya urafiki na kobe mkubwa aitwaye Mzee. Nyali penyewe pana Mamba Village, bustani ya mamba iliyojengwa pia katika machimbo ya zamani.

Bahari na haki ya kuifikia

Mbele ya ufuo kuna Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986 na kusimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Wageni hupelekwa kwa mashua zenye sakafu ya kioo kutazama matumbawe na samaki. Wakati wa kaskazi maji huwa matulivu na maangavu zaidi. Wakati wa kusi bahari huchafuka na mwani hujaa pwani.

Mwananchi anapaswa pia kufahamu sheria. Ibara ya 62 ya Katiba inasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Kuta za hoteli au nyumba zinaweza kuzunguka kiwanja chake, lakini haziwezi kuufanya ufuo huo kuwa mali binafsi. Hata hivyo, sheria hiyo haimpi mtu ruhusa ya kukatiza katika kiwanja cha mwingine. Ndiyo maana vichochoro vya umma vinavyoelekea baharini ni muhimu sana: kikizibwa kimoja, mvuvi hupoteza njia ya kufikia ngalawa yake, na watoto wa mtaa hupoteza mahali pa kuogelea. Anayeona njia ya umma imezibwa anahimizwa kutoa taarifa katika ofisi ya wadi.

Ushauri kwa wanaotembelea

• Matatu zinazovuka Daraja la Nyali hupitia Kengeleni. Kutoka hapo kuna tuktuk na bodaboda; patana nauli kabla ya kupanda.
• Kuona kengele na kutembea katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, maarufu kama Pirates, ni bure. Haller Park, Mamba Village na hifadhi ya bahari hutoza kiingilio. Beba kitambulisho, kwa kuwa kiingilio cha raia huwa chini ya kile cha wageni kutoka nje.
• Uliza saa za maji kupwa na kujaa kabla ya kutembea hadi kwenye mwamba, na usiwaache watoto peke yao majini.
• Usivunje matumbawe wala kuchukua makombe kutoka hifadhini.
• Usiandike wala kuchora chochote kwenye kengele au makaburi.

Wazazi na walimu wanahimizwa kuanzia Kengeleni. Watoto wengi hulijua jina la kituo hicho tangu wakiwa wadogo. Wanastahili kujua pia ni kina nani waliosikia kengele hiyo ikilia.